Miaka Mitano Chini ya Mkungu

Mashua ya Mjomba ilipandishwa pwani pale Mikindani wiki ya Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, ikarudi majini Oktoba 2024. Katikati hapo kuna miaka mitano ya kulala chini ya mti wa mkungu na miezi minane ya mimi kuhangaika nayo. Naandika haya kwa sababu pwani yetu hii, kuanzia Msimbati mpaka Lindi mjini, nyumba nyingi zina chombo cha marehemu au cha mgonjwa kimelala uani, mashine imefunikwa gunia stoo, na wenyewe wanaamini siku wakipata nafasi watanunua petroli, watavuta kamba, watakwenda. Nami niliamini hivyo.

Wiki ile ya Kenneth wengi wa Mtwara wanaikumbuka. Tuliambiwa tukae mbali na fukwe. Wavuvi wakapandisha vyombo juu kupita mahali maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapokoma. Mjomba na vijana wake wanne waliivuta mashua juu ya magogo ya minazi, wakaifunga kwenye mkungu kwa kamba mbili, wakafungua mashine na kuibeba mbiombio mpaka nyumbani. Tarehe 25 kimbunga kikapiga kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma, kikawaumiza sana ndugu zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Sisi tukasalimika. Mjomba akasema mashua itarudi majini baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaingia, na kumi la pili lilipofika akapigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea.

Kwa mila zetu Wamakonde, mali ya mjomba humtazama mpwa. Lakini mpwa mwenyewe, yaani mimi, ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima; msimu wa korosho ukianza hana Jumapili, na ukiisha ana madeni ya msimu. Mwaka ukaenda, na mwingine. Nikipita kwenda mjini naiona ile mashua imejaa majani mekundu ya mkungu, na ninageuza uso.

Machi 2024 nilianza na mashine, maana ndiyo niliyoiogopa zaidi. Ni Yamaha Enduro ya farasi 15, silinda mbili, ile ya kuchanganyia oili na petroli. Niliifunga kwenye fremu ya mbao uani, nikashika kamba ya kuwashia, nikavuta. Haikutoka hata sentimita moja. Nikajiweka sawa ili nivute kwa mwili mzima. Mjomba alikuwa barazani kwenye kitanda cha kamba, na tangu ugonjwa ule maneno humtoka moja moja.

"Iache," akasema. "Utavunja na kile ambacho hakijavunjika."

Kisha akanieleza jambo ambalo nadhani lilimkaa moyoni miaka yote ile. Siku ya Kenneth hakuisuuza. Kwa kawaida yake, kila akitoka baharini mashine huingizwa kwenye pipa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, inawashwa, inazunguka mpaka chumvi yote itoke tumboni. Halafu anachomoa mpira wa petroli na kuiacha iunguze mafuta yaliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Siku ile hakukuwa na muda wa pipa wala wa kabureta. Ikaingia stoo na maji ya bahari ndani na petroli ndani, ikalala hivyo miaka mitano. Mashine ile ilifanya kazi ya bahari kwa miaka mingi na haikufa kwa kazi. Iliuawa na jioni moja ya haraka.

Tulitoa plagi zote mbili. Kwenye matundu yake nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, kiasi cha vijiko viwili kila tundu, nikaziba kwa kitambaa. Ringi za pistoni zilikuwa zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, na mafuta yanahitaji muda kupenya. Kila alfajiri kabla ya kazi nilishika flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kwa mikono miwili na kuisukuma kidogo, bila nyundo, bila bomba la kuongezea urefu wa spana. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, nikaongeza dizeli. Siku ya nne niliposukuma ilisogea kama upana wa kidole, nikasikia ndani mkwaruzo mdogo kama wa mchanga chini ya mlango. Sikuendelea. Nikairudisha ilipotoka, nikasogeza tena, mbele na nyuma, mpaka mkwaruzo ukalainika. Kufika Ijumaa inazunguka mzunguko mzima. Nikaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi ya juu na kijana mmoja akavuta kamba taratibu. Pumzi ikasukuma kidole. Tundu la chini likasukuma vilevile. Siwezi kueleza furaha niliyopata kwa kusukumwa kidole.

Moto wa plagi ulinipotezea wiki mbili. Nilinunua plagi mpya, hakuna cheche. Fundi wa pikipiki wa jirani akaniambia koili zimekufa, ninunue zote pamoja na kile kiboksi cha umeme. Nilishaanza kutafuta fedha Mjomba aliponiuliza kama nimeangalia swichi ya kuzimia. Sikuwa nimeiangalia, kwa sababu nilidhani swichi ya kuzima ina kazi wakati wa kuzima tu. Kumbe kwenye mashine hizi kuzima ni kuupeleka umeme kwenye bodi badala ya plagi. Swichi ikijaa chumvi na kutu, waya hugusana ndani muda wote, na mashine inakuwa imezimwa siku zote hata wewe hujagusa kitu. Nilichomoa waya wake, nikagusisha plagi kwenye chuma cha bodi, kijana akavuta. Cheche ya bluu ikaruka, ikalia tk! Kilichohitajika ni swichi mpya, na koili zilikuwa nzima. Mtu mwenye mashine isiyotoa moto aanzie hapo kabla hajamsikiliza anayemtaka anunue koili.

Kabureta nilifungulia juu ya sinia jeupe ili sindano na vispringi visipotee. Petroli ikikaa haibaki petroli. Sehemu nyepesi huruka na kinachobaki ni gundi ya rangi ya asali iliyoungua, inayonuka kama rangi ya mlango. Kibakuli cha chini kilikuwa na utando wake mgumu, na kijitundu cha jeti hakikupitisha hata mwanga. Nilitaka kuchukua pini. Fundi mmoja wa boti pale feri ya kwenda Msangamkuu alishanionya: shaba ya jeti ni laini, ukiikwaruza tundu linapanuka na mashine itakunywa mafuta maisha yake yote. Nililoweka kwenye petroli safi usiku kucha, kisha nikatumia uzi wa nailoni wa mshipi, ule mwembamba wa kuvulia tasi. Nikapitisha na kurudisha, nikapuliza, nikainua juani. Tundu likaonekana, duara kamili, dogo kama jicho la dagaa.

Mguu wa mashine, yaani sehemu ya chini yenye gia na propela, ndio ulionifundisha kwa ukali. Boliti zake ni za chuma na bodi ni ya aluminiamu, na chumvi ikiingia katikati ya madini mawili huota unga mweupe unaobana kuliko gundi. Boliti tatu zilitoka baada ya kupashwa moto wa gesi na kugongwagongwa kichwani. Ya nne nilikuwa nimechoka, magharibi imeingia, nikasema nimalize leo. Ikakatika. Kuitoa ilibidi niende kwa mtu mwenye drili mjini, na ilimchukua nusu siku nzima. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, ishara kwamba sili, ile mipira ya kuzuia maji, zimekufa na maji yameingia. Sili zikabadilishwa. Kujaza oili mpya unasukuma kutokea tundu la chini mpaka itokeze tundu la juu, ili hewa isibaki ndani.

Ndani ya mguu huo kuna pampu ya maji, na ndani ya pampu kuna impela, gurudumu dogo la mpira lenye mapezi. Hilo ndilo linalovuta maji ya bahari kupooza mashine. La zamani mapezi yake yalikuwa yamekunjika upande mmoja na kukauka hivyohivyo, hayainuki tena. Niliagiza jipya Dar es Salaam, likaja kwa basi, nikalifunga kwa grisi, nikaridhika na kazi yangu.

Halafu nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Mwishoni mwa Aprili kila kitu kilikuwa tayari, ila pipa la maji lilikuwa limeazimwa shambani. Vijana walikuwepo, petroli ipo, nikasema tuisikie sauti tu. Nikavuta mara tatu, ikawaka. Baada ya miaka mitano, ikawaka! Moshi ukajaa uani, watoto wakakimbia kuja, mama akatoka jikoni. Nikaiacha izunguke dakika mbili hivi, labda tatu, kwa sababu sikutaka ile sauti iishe. Mjomba alikuwa anapiga kitanda kwa kiganja cha mkono wa kushoto, nami nilidhani anashangilia. Alikuwa ananiambia nizime. Mpira wa impela hulainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma. Ukizungushwa mkavu unajisaga na kuungua. Tulipoifungua, mapezi mawili yalikuwa yameyeyuka ncha.

Niliagiza nyingine. Kabla haijafika, mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, na kifurushi changu cha gramu chache kikakwama pamoja na abiria waliolala njiani na wagonjwa na mizigo ya watu. Nilipowafikiria wale waliokwama nikaona aibu kulalamika. Ila nilipata muda wa kukaa na Mjomba jioni nyingi, na ndipo alipoanza kunifundisha upande wa pili, yaani mbao.

Fundi wa mashua tuliyemwita ni mzee wa hapohapo Mikindani, mtu wa maneno machache. "Shikamoo fundi." "Marahaba." Basi, akashika nyundo. Hakutazama mashua kama nilivyoitazama mimi. Alitembea ubavuni akigonga kila ubao kwa mpini, sikio limeinama. Kó, kó, kó. Alipofika chini, karibu na mahali mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ulipogusa ardhi, sauti ikageuka, ikawa pu, pu. Akachukua kisu, akakichomeka. Kikazama mpaka kwenye mpini bila kutumia nguvu. Nje rangi ya bluu ilikuwa nzima, inang'aa. Ndani hapakuwa na mbao, palikuwa na udongo wa mchwa, mkavu na mwepesi. Bahari ina wadudu wake wanaokula mbao, ndiyo maana watu wetu hupaka mafuta na kuchoma matumbo ya vyombo kwa makuti. Lakini chombo kilichopandishwa nchi kavu kinaingia mikononi mwa mchwa, na magogo ya minazi tuliyoilazia yalikuwa ndiyo daraja lao. Laiti tungeilaza juu ya mawe.

Mbao mbili za chini zilitoka, na kipande cha mkuku kama dhiraa mbili kikakatwa na kuungwa kipya cha mvule. Mataruma, zile mbavu za mashua, yote yalikuwa mazima, na hilo fundi alilisema kwa heshima, kwamba aliyeyachonga alijua mti. Kazi hiyo ilikula Juni nzima na sehemu ya Julai, upepo wa kusi unavuma, mikono inakauka.

Kisha kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba. Mashua ikikaa juani miaka mitano mbao hunywea, na mianya yake ilikuwa inapitisha kidole cha mtoto. Tulikwangua pamba yote ya zamani. Mpya tuliisokota na kuilowesha mafuta ya nazi, fundi akaisukuma kwa patasi butu na nyundo, pigo fupi fupi. Nami nikapewa upande wangu. Nilijaza kwa bidii, nikigonga mpaka pamba isipokee tena, nikiamini nambana adui. Fundi akaja, akatazama, akachomoa mkono mzima wa kazi yangu.

"Ukiijaza yote leo," akasema, "ubao ukinywa maji utakwenda wapi?"

Ubao mkavu utavimba ukirudi baharini. Usipouachia nafasi, unasukumana na mwenzake mpaka misumari inang'oka kwenye mataruma. Kalafati ya chombo kilichokauka lazima iwe legevu kiasi fulani, na kiasi hicho hakuna aliyekiandika popote. Kimo kwenye kiganja cha fundi. Nilirudia upande wangu wote. Siku tatu.

Agosti na Septemba niliimwagia maji ya bahari ndani kila asubuhi na jioni na kuitandika magunia mabichi. Tumbo la nje likapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Makaratasi ya chombo yakafuatiliwa, laifu jaketi nne zikanunuliwa. Kusi likaanza kupungua nguvu.

Tulisubiri bamvua la mwezi mpevu wa Oktoba. Maji yalipojaa watu kumi na wawili tukaisukuma, na Boma la Wajerumani linaonekana kule juu kama siku zote. Ilipoelea nikafurahi, na hapohapo nikaona maji yanachipuka kutoka kila mwanya, kama jasho. Nikashika kopo nianze kukumba. Fundi akanizuia mkono. Akaamuru tuipeleke maji ya kiunoni na tuiache ijae. Tukaweka mifuko ya mchanga, na mbele ya macho yangu mashua niliyoihangaikia ikakaa chini taratibu, ubavu ukabaki juu kiganja kimoja. Usiku ule sikulala. Maji yalipotoka tulimwaga tulichoweza, yalipojaa ikajaa tena lakini polepole zaidi. Siku ya tatu tuliikumba ngama yote, yaani maji ya tumboni, tukakaa kando tukisubiri. Ikaelea. Ndani palibaki unyevunyevu tu.

Mashine ilikuwa imeshajaribiwa kwenye pipa, mara hii na maji mpaka juu ya pampu, na uzi wa maji unatoka nyuma yake bila kukatika. Kwa lita 10 za petroli nilipima oili mililita 200, hamsini kwa moja, oili ya boti na si ile ya pikipiki. Tulimleta Mjomba pwani kwa bajaji, akakaa kwenye kiti chini ya mkungu uleule. Nikabonyeza tumbo la mpira la kusukumia mafuta mpaka likawa gumu, nikavuta choki, nikavuta kamba mara mbili. Ikashika. Sailensa yake, yaani mzunguko wa taratibu kabla ya resi, ilikuwa ya kusitasita mwanzoni, kisha ikatulia. Uzi wa maji ukatoka. Tukaenda mpaka karibu na mlango wa ghuba, ambako maji hubadilika rangi na wimbi la nje linaanza kuinua omo, sehemu ya mbele ya mashua, nikazungusha, nikarudi kwa resi ndogo.

Mimi sikuona kasoro yoyote. Nilipokaribia Mjomba alikuwa ameinua mkono wa kushoto, vidole viwili, kisha anakunja kimoja. Nilizima, nikashuka, nikamwendea na maji ya magoti.

"Ya chini," akasema. "Imenyamaza."

Nikarudi, nikafungua plagi ya chini. Ilikuwa nyeusi, mbichi kwa oili. Tangu mlango wa ghuba nilikuwa natembea kwa silinda moja na sikujua. Yeye aliisikia kutoka ufukweni, katikati ya mawimbi na kelele za watoto. Niliisafisha kwa msasa, nikairudisha, na ilipowaka tena hata mimi niliisikia tofauti.

Jioni tuliibeba mashine nyumbani, maana mashine hailazwi pwani. Pipa lilikuwa tayari uani. Nikaiwasha kwenye maji baridi dakika kumi, mkono kwenye kichwa chake nikisikia inavyopoa, halafu nikachomoa mpira wa petroli. Ikaendelea kwa muda, ikapandisha sauti kidogo kama zinavyofanya mashine mafuta yakiisha, ikasita. Mjomba alikuwa barazani, macho yamefumba. Hakusema kitu mpaka ilipozima yenyewe, ndipo akaomba chai.